Kabla hujajaza krenki, msikilize aliyeivunja

Juzi kijana wa Mbeya kaniandikia: "Shikamoo fundi. Krenki ya lori imesagwa mpaka saizi ya mwisho. Nimeambiwa ijazwe kwa welding, isagwe upya, irudi standadi. Nikubali?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenitonesha kidonda. Kwa wasioijua, krenki ni ule mhimili wa injini unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko.

Enzi hizo nilikuwa na kibanda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kichwa kikubwa kuliko kibanda. Mzee mmoja akaniletea krenki ya lori lililonoki. Beringi ilizunguka, shingo moja ya konrodi, pale mkono wa pistoni unaposhika krenki, imeliwa vibaya. Ilishasagwa chini ya standadi kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00, hakuna pa kwenda tena. Wenzangu walimwambia anunue nyingine. Mimi nikasema, "Mzee, niachie."

Nikachukua fimbo zilezile za kuchomea mageti. Sikuipasha moto kwanza. Nikazungusha moto shingo nzima kwa mkupuo mmoja, kisha nikaiacha ipoe mlangoni kwenye upepo wa jioni. Ilipotoka kusagwa ilimeta kama kioo, mikromita inasoma standadi kabisa. Mzee akalipa papo hapo na soda juu.

Ikavunjikia mlima Kitonga, kule Iringa, lori limebeba saruji. Konrodi ikatoboa bloku. Mzee hakunitukana. Alisema tu kwenye simu: "Fundi, njoo uchukue krenki yako." Yako! Mpaka leo neno hilo linaniuma kuliko pesa nilizolipa.

Ilikatika konani, shingo inapokutana na bega, ule ubavu mpana unaounganisha shingo na shingo. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini, ina mistari kama maji yanavyoacha mchangani bahari ikitoka. Sehemu ndogo ya mwisho ina chengachenga. Maana yake ufa ulianza siku nyingi ukawa unatembea polepole, na ulianzia pale chuma kilipopoa haraka kikawa kigumu na chepesi kukatika. Kung'aa kwa juu hakukuniambia lolote.

Sasa najaza, tena najaza vizuri, waulizeni wenye majenereta. Waya unayeyukia chini ya unga, krenki ikizunguka taratibu kwenye mashine. Lakini kwanza ipimwe nyufa kwa sumaku. Matundu ya oili yazibwe kwa kaboni. Ipashwe moto, ikishajazwa ifukiwe kwenye majivu ipoe usiku kucha. Inyooshwe kwa presi, ipimwe kwa dayo geji, saa ya kupimia kama imepinda, ndipo isagwe, na kona ibaki na mviringo wake. Kona, jamani. Kona! Krenki iliyogumishwa kwa naitrojeni usiijazie juu ya lile ganda; weldi itajaa vitundu kama andazi.

Sisi mafundi tunapenda kuitwa mabingwa. Kumwambia mteja "hii haifai" tunaona aibu, kumbe wewe ndiye utakayepanda Kitonga na dereva wake kila siku kichwani mwako.

Haya, kijana. Muulize huyo fundi anatumia nini. Akikuonyesha fimbo za geti, beba krenki yako. Halafu angalia ubavuni mwa mabega: ukiona mstari mwembamba kama uzi, hiyo ni ya chuma cha kumimina kwenye kalibu, usiijaze, tafuta nyingine. Ukiwa mpana kama kidole, imefuliwa, yaani chuma kilipondwa kikiwa cha moto, tunaweza kuongea. Nipigie picha ya mstari huo, mchana, kwenye mwanga.