Anza na ndoo ya jikoni, chupa zitasubiri

Zanzibar tukizungumza taka, maneno yote huishia kwenye plastiki. Ni kweli, chupa zimeziba mitaro yetu. Lakini fungua pipa lako utafute kinachonuka: maganda ya muhogo, wali uliolala, embe zilizooza, matumbo ya samaki. Taka mbichi ndizo nyingi na ndizo nzito, na zikigusana na karatasi au chupa huzichafua hata asitake mtu kuzinunua. Ndiyo maana kwa anayetaka kupunguza taka za nyumbani ushauri wangu ni mmoja: chupa ziache kwanza, tenga uozo.

Mtaani kwetu Ng'ambo gari la taka lina siku zake, na kuna wiki haliji. Tangu tuwe na ndoo ya uozo na polo (gunia) la vikavu, yaani chupa na makopo, gari likichelewa hatuhangaiki. Vikavu hukaa pembeni mwa ukuta bila kunuka wala kuita nzi.

Uozo tunaugeuza mboji, yaani mbolea. Ua wetu ni mdogo, hauna nafasi ya kuchimba shimo. Tunatumia ndoo kuukuu za rangi, zilizooshwa vizuri na kutobolewa chini na ubavuni, zikawekwa juu ya mawe ili maji yachuruzike. Chini natandika majani makavu. Kila nikitia maganda nayafunika kwa majani makavu au karatasi zilizochanwachanwa, na vikavu viwe vingi kuliko vibichi, kama mara mbili. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanatia maganda matupu, ndoo inatoa maji na harufu, wanasema mboji haifai kwa nyumba za mjini. Mara moja kwa wiki pindua kwa kijiti. Shika konzi moja uiminye. Ikitoa matone, ongeza majani makavu, na ikimomonyoka kama vumbi, nyunyiza maji. Kwa joto letu, miezi miwili au mitatu inatosha. Masika funika kwa kipande cha bati, la sivyo mvua itaigeuza uji.

Machicha ya nazi sitii humo, ni chakula cha kuku wa jirani. Vifuu na makumbi ni kuni, na makumbi yenyewe huchukua muda mrefu mno kuoza. Samaki na nyama nazo nimezikataza ndooni, kwa sababu ya paka, panya na kunguru. (Kunguru hawa waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Mpango wa taka wa serikali ya wakati ule ndio huo, na mpaka leo wanatuibia vifaranga.) Mifupa na matumbo ya samaki mwenye shamba ayafukie chini kabisa mguuni mwa mgomba. Sisi wa mjini tunayafunga vizuri na kuyatoa asubuhi ya siku ya gari.

Mtu atauliza kwa nini ajisumbue wakati yote yatapelekwa jaani Kibele. Uozo ukifukiwa jaani chini ya taka nyengine hukosa hewa, ukatoa gesi inayowaka na maji machafu. Kisiwa hiki sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji tunayokunywa yanatoka chini ya jiwe hilohilo.

Vikavu ni rahisi. Chupa za plastiki zisuuze, ziminye, zikusanye mpaka polo lijae, kisha muite kijana anayenunua makopo. Zikiwa safi hana sababu ya kukupunja. Chupa ya soda ya gilasi irudi dukani kama zamani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa tangu 2006, miaka kumi na zaidi kabla ya Tanzania Bara, lakini ile mifuko laini tunayoiita ya kitambaa nayo ni plastiki, imebanwa tu ikafanana na kitambaa. Ukiwa nayo ifue uitumie mpaka ichanike. Mimi nikienda soko la Darajani nabeba kikapu cha ukindu, kinabeba hata papa mkavu.

Pampasi, betri na vipande vya gilasi havina ujanja wa nyumbani, ni vya gari. Na tafadhali msichome plastiki uani, moshi wake ni sumu na watoto ndio wanaouvuta.

Sasa kuhusu kuliomba baraza la manispaa, liwe la Mjini, Magharibi A au Magharibi B, lichukue uozo na vikavu mbalimbali. Njia yenu ni kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu. Nendeni majirani kadhaa pamoja, maana mtu mmoja huonekana mlalamishi. Mkiletewa mpango wa mapipa mawili, msiulize rangi ya pipa. Ulizeni kila pipa linapelekwa wapi na kwa gari gani, kwa sababu yakimwagwa yote katika gari moja kwa safari moja, kazi yenu ya jikoni imepotea. Wakisema gari ni moja tu, ombeni siku mbili tofauti, moja ya uozo na moja ya vikavu, na muandikiwe siku hizo kwenye ubao wa ofisi ya shehia.