Kujenga kibanda cha Sukoti kama kazi ya sanaa: vipimo, ezeko na meza ya wageni

Kazi nyingi za sanaa za kusimika zinazohusu uhamiaji wa Wayahudi huangukia kwenye alama zile zile: masanduku makuukuu yaliyopangwa moja juu ya jingine, seng'enge, picha za meli. Mtazamaji anazitambua, anatikisa kichwa, anapita zake. Ushauri wetu kwa msanii au jumuiya inayotaka kusema jambo kuhusu nyumba na kuhama ni kuanza na jengo ambalo Wayahudi hulijenga kila mwaka: kibanda cha Sukoti, yaani sukka. Wasomaji wa Biblia wanaijua Sikukuu ya Vibanda katika Mambo ya Walawi 23, siku saba za kukaa vibandani kwa kukumbuka safari ya jangwani baada ya kutoka Misri. Ni nyumba yenye masharti mengi, na masharti hayo yatakufanyia nusu ya kazi.

Mfano bora tunaoujua ni wa New York. Septemba 2010, mashindano ya kubuni sukka yaitwayo Sukkah City yalipokea michoro zaidi ya 600, na vibanda 12 vikajengwa uwanja wa Union Square. Ronald Rael na Virginia San Fratello walikifunika chao kwa mabango ya maboksi waliyoyanunua kwa watu wasio na makazi, yale yale waliyokuwa wakiombea msaada barabarani. Hakukuwa na haja ya kubandika maelezo marefu pembeni, kwa kuwa mabango yenyewe yalikuwa yanasema. Zingatia pia kwamba waliyanunua. Ukiomba kitu cha maisha ya mtu kwa ajili ya kazi yako, lipa, au mrudishie kazi ikiisha.

Sasa masharti ya sheria ya Kiyahudi. Kibanda kiwe na kuta mbili kamili na angalau kipande cha ya tatu. Kimo kisipungue viganja 10, ambavyo kwa kipimo cha tahadhari ni mita 1, wala kisizidi dhiraa 20, kama mita 9. Eneo la chini kabisa ni viganja 7 kwa 7, nafasi ya kichwa, sehemu kubwa ya mwili na meza ndogo. Kuta ni za kitu chochote kinachostahimili upepo wa kawaida. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, inajadili hadi tembo aliyefungwa mahali akatumika kama ukuta. Paa ndilo lenye ukali: liwe la mmea uliokwisha kukatwa, si chakula wala chombo, na kivuli chake kizidi jua. Lisiwe chini ya mti wala upenu wa nyumba. Mpelekee rabi mchoro kabla hujanunua mbao, maana kuhamisha paa lililokwisha kusimama ni kazi ya kuanza upya.

Sharti moja ambalo wasanii hawalitumii vya kutosha: pengo lisilofika viganja vitatu, karibu sentimita 24 (hapa tahadhari ni kuhesabu kiganja kifupi), huhesabiwa limezibwa. Kwa hiyo kamba tano zilizovutwa kwa mlalo, kwenye sentimita 22, 44, 66, 88 na 105 kutoka chini, ni ukuta. Mtu anaona nje, anaonekana kutoka nje, na bado yumo ndani ya nyumba. Kwa kazi inayouliza mpaka ni nini na nani yuko upande gani, huwezi kupata ukuta bora zaidi. Ukitumia kamba tupu, zivute pande zote nne na uache mlango tu, kwa sababu wako wasiokubali ukuta wa namna hiyo kwenye pande mbili au tatu. Na zikazwe kweli kweli. Kamba inayolegea katikati hupanua pengo likapita kipimo.

Kwa kibanda cha mita 3 kwa 3, tumia nguzo 8 za mbao za inchi mbili kwa nne zenye urefu wa mita 2.4, moja kila pembe na moja katikati ya kila upande. Ongeza mbao 4 za mita 3 juu na mbao za chini kila upande isipokuwa penye mlango, na mishazari 8, yaani mbao za kukingama za kukaza fremu, miwili kila pembe. Mishazari ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo fremu huegemea upande mmoja upepo wa kwanza tu. Unganisha kwa boliti za milimita 10 zenye urefu wa sentimita 10, na pete bapa za chuma (washa) pande zote mbili. Misumari haifai kwa jengo la kufunguliwa na kujengwa tena mwakani. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 kwa ajili ya kiti cha magurudumu.

Upepo uchukuliwe kwa uzito wake. Ukuta wa turubai wa mita 3 kwa 2.1, upepo ukivuma kilomita 50 kwa saa, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 95. Kwenye viwanja vingi vya mjini huruhusiwi kuchimba wala kupigilia vigingi, hivyo weka kilo 100 kila pembe: mifuko minne ya mchanga ya kilo 25, au madumu matano ya maji ya lita 20. Maji yana faida kwamba unayajaza pale pale. Turubai lenyewe lifungwe juu, chini na ubavuni kila baada ya sentimita 30. Likifungwa juu tu, litapigapiga usiku kucha mpaka lichanike kwenye matundu, na ukuta unaopeperuka haukubaliki kisheria vilevile.

Ezeko huja mwisho, kuta zikishasimama. Huo nao ni utaratibu wa sheria. Laza boriti moja katikati, isimame kwa ubavu, kisha pau 7 za sentimita 5 kwa 5, moja kila nusu mita. Kama fremu yako ni ya chuma, hakikisha ezeko linakaa juu ya mbao na si juu ya chuma chenyewe. Juu ya pau panga mianzi 80 yenye unene wa sentimita 2.5 na urefu unaozidi mita 3 kidogo, ukiacha upenyo wa zaidi kidogo ya sentimita 1. Hapo kivuli kinafika kama theluthi mbili, mvua inapita, na usiku nyota zinaonekana. Usifunge kwa waya wala kamba za nailoni. Katani mbichi au vipande vya majani ya mnazi vinafaa. Ukipenda majani, kumbuka yanasinyaa: ezeko lililokuwa na kivuli cha kutosha Ijumaa linaweza kuwa na jua zaidi ya kivuli Jumatano, na hapo kibanda hakifai tena. Mianzi ibebe hesabu yote ya kivuli, majani yawe nyongeza. Na mkeka uliofumwa kwa ajili ya kulalia, hata uwe mzuri namna gani, haukubaliki.

Kuta ndipo jumuiya inapoingia. Mpango unaofanya kazi vizuri ni kuomba kila familia kitambaa kimoja kutoka nyumba waliyoihama au ya wazee wao. Kata vipande vya sentimita 34, mshono ule sentimita 2 kila upande, ubaki na mraba wa 30. Ukuta mmoja unahitaji vipande 70, kumi kwa saba, kuta tatu 210. Shonea juu ya turubai la pamba lililofuliwa kwanza, maana pamba isiyofuliwa hunywea ikilowa na kuzing'oa ringi za matundu ya kamba. Kila kitambaa chekundu au cheusi kikandamize kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla ya kukishona. Kikichuja kwenye jaribio, kitachuja kwenye mvua juu ya vitambaa vya jirani.

Unapokusanya, usiulize "utambulisho wako ni nini?" Utapata hotuba. Uliza nani alibaki na ufunguo, nani alipika siku ya mwisho na alipika nini, mlango ulitazama wapi. Na usidhani Myahudi wa New York lazima awe mjukuu wa wasemaji wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Ni kweli kwamba kati ya 1881 na 1924, kabla sheria ya Marekani haijafunga mlango, Wayahudi zaidi ya milioni mbili walifika kutoka Ulaya ya Mashariki, wengi wakapitia mtaa wa Lower East Side mjini New York. Lakini mjini humo humo Brooklyn ina familia za kutoka Syria, Queens ina za kutoka Bukhara, Asia ya Kati, na Uganda karibu na Mbale kuna Abayudaya, jumuiya iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wote hujenga sukka. Ukuta wenye lugha moja unawafungia nje watu wa nyumba ile ile.

Angalia kalenda mapema. Mwaka 2026 sikukuu inaingia jioni ya Ijumaa, Septemba 25, siku nne tu baada ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, na desturi ni kuanza kujenga Yom Kippur ikiisha. Kwa hiyo fremu zikatwe, zitobolewe na kuwekwa namba karakana kabla ya hapo, uwanjani iwe kuunganisha tu. Jumamosi na Jumapili ya kwanza washika dini hawaandiki, hawafungi mafundo, hawawashi umeme. Kama kazi yako inategemea kalamu ukutani au kitufe cha kusikiliza sauti, umewaondoa wale wale uliowajengea. Tumia kadi zilizokwisha kuandikwa na vibanio vya nguo, na kalamu zitoke Jumatatu.

Ndani weka meza ya mita 2.4 na mabenchi mawili, watu wanane wakae. Mila ya sikukuu ni kuwakaribisha kila siku wageni saba wa kale, kina Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Musa, Haruni, Yusufu na Daudi, karibu wote watu waliohama makwao, na pamoja nao mgeni wa nyama na damu. Hapa shirika la HIAS linafaa kuulizwa. Chimbuko lake ni msaada kwa Wayahudi waliofika New York miaka ya 1880, na leo linahudumia wakimbizi wa dini zote, wakiwamo Wakongo walioko Kenya na Uganda. Mkikaribisha familia zilizohamia karibuni, chakula kiwe cha kosher, yaani kinachokubalika kwa sheria ya Kiyahudi, kilichofungwa chenye alama, au matunda mazima, ili asiwepo anayekaa mezani bila kula. Mishumaa isiingie, ezeko kavu hushika moto haraka mno. Kizimamoto cha kilo 6 kikae mlangoni.

Wakati wa kubomoa, anza na ezeko. Lilitumika kwa ibada, hivyo halitupwi na taka wala kukanyagwa. Lirundikwe mahali safi lioze lenyewe, au mianzi itunzwe kavu kwa mwaka ujao. Kila kipande cha kitambaa kiwe na namba nyuma tangu siku kilipopokelewa, na orodha ya namba na wenyewe ikae kwa watu wawili tofauti. Wenye kutaka chao kirudi wafumuliwe mshono na kukabidhiwa mkononi ndani ya wiki hiyo hiyo.