Maswali ya Wasomaji: Gesi ya Tanuru la Feronikeli, Ichomwe Ndani au Izibiwe Hewa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu kutoka Kisumu. Ninasomea uhandisi wa metali, na nimepewa kazi ya kueleza jinsi gesi inayotoka katika tanuru la umeme la kuyeyushia feronikeli, yaani aloi ya chuma na nikeli, inavyodhibitiwa. Kitabu kimoja chasema tanuru lizibwe hewa isiingie kabisa. Kingine chasema hewa iingizwe ili gesi iungue papo hapo. Nifuate kipi? – Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Ndugu mwanafunzi, vitabu vyote viwili ni sahihi, kwa kuwa vinaeleza matanuru ya miundo miwili tofauti. Kosa, tena kosa la kuua, ni kuendesha tanuru lisilo huku wala kule.

Anza na jiko la makaa. Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa yanaposhika moto ni kaboni monoksidi inayoungua, na ndiyo gesi inayowaua watu wanaolala na jiko katika chumba kilichofungwa. Katika tanuru la feronikeli, makaa huondoa oksijeni iliyoshikana na nikeli na sehemu ya chuma, na gesi hiyo hiyo hupanda kwa wingi juu ya shehena, yaani madini na makaa yaliyomo tanuruni. Kaboni inapogeuka kuwa kaboni monoksidi hutoa takriban asilimia 28 tu ya joto lake. Asilimia 72 iliyobaki hutoka pale gesi inapoungua. Kwa hiyo kuamua gesi iungulie wapi ni kuamua joto hilo kubwa liende wapi: kwenye paa la tanuru, kwenye bomba la kutolea gesi, au kwenye tanuru jingine.

Ukichagua kuichoma ndani, hewa iwe ya kutosha na mahali pawe na moto. Kaboni monoksidi hulipuka ikiwa asilimia 12.5 hadi 74 ya mchanganyiko wake na hewa, lakini penye joto la zaidi ya nyuzi 600 hivi huungua kadiri inavyokutana na hewa, bila kupata nafasi ya kujikusanya. Hatari hujitokeza tanuru linapopoa, kwa mfano umeme unapokatika au wakati wa kuliwasha upya. Gesi na hewa huchanganyika kimya kimya, kisha cheche moja hutosha. Ndiyo maana tanuru lililozibwa hufukizwa kwanza kwa naitrojeni, gesi isiyoungua, ili kuiondoa hewa.

Jambo ninalokusihi ulitilie mkazo ni shinikizo chini ya paa, ambalo katika tanuru la kuchomea ndani huwekwa paskali chache tu chini ya lile la nje. Feni ikivuta mno, hewa ya ziada huingia, huunguza makaa yaliyokusudiwa kuondoa oksijeni katika madini, hula elektrodi (nguzo za kaboni zinazopitisha umeme), na kubeba vumbi jingi hadi kwenye vichujio, ambavyo vitambaa vyake haviwezi kustahimili gesi ya moto kiasi hicho isipopozwa kwanza. Ikivuta kidogo mno, gesi hupenya kandokando ya elektrodi na kuwafikia wafanyakazi walio juu, nayo haina rangi wala harufu. Pima pia haidrojeni: ikipanda ghafla, shuku kwamba maji ya kupozea yanavuja ndani ya tanuru, na usisubiri kipimo cha pili ndipo ukate umeme.

SWALI: Je, gesi hiyo haiwezi kutumiwa badala ya kupotezwa? Nauliza kwa sababu majirani zetu wana nikeli. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Yaweza. Nikeli ya Musongati, Burundi, ni ya laterita, yaani madini ambamo nikeli imeshikana na oksijeni, aina inayofaa njia hii. Ile ya Kabanga, Tanzania, ni ya salfaidi, yaani imeshikana na salfa, na huchakatwa kwa njia nyingine. Tanuru likizibwa vyema, gesi husafishwa vumbi na kupelekwa kwenye tanuru la kuzunguka linalopasha madini joto kabla ya kuyeyushwa, ikapunguza sehemu ya mafuta au makaa ya mawe yanayotumika huko. Iliyokwisha kuungua ndani ya tanuru haiwezi tena kuwa kuni. Imebakiwa na joto lake tu, ambalo bado lafaa kukaushia laterita mbichi, kwani mara nyingi huchimbwa ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 30.