Maswali ya Wasomaji: Kambare Wadogo Wanaokula Mwani Kwenye Tangi la Nyumbani

Barua za toleo hili tumezichagua zote kwa sababu zinamhusu, kwa karibu au kwa mbali, samaki mmoja: kambare mdogo wa Amerika Kusini, mwenye urefu wa sentimita 3 hadi 5, ambaye wauzaji wa samaki wa mapambo humwita oto, kifupi cha jina lake la kisayansi, Otocinclus. Wanaomnunua hutaka awasafishie kioo, na wengi wao humpoteza kabla hawajamfahamu.

Nilinunua oto 5 kwa ajili ya tangi langu la lita 80 ambalo nililianzisha mwezi uliopita. Maji ni safi kabisa, kioo kinang'aa na samaki wengine hawana tatizo lolote, lakini katika wiki moja tu oto 3 wamekufa. Muuzaji ananiambia kwamba samaki hawa hufa tu, hakuna la kufanya. Je, ni kweli? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

Pole sana, ndugu msomaji. Si kweli kwamba hufa tu. Kwa maelezo uliyotupa, yaani maji safi kabisa, kioo kinachong'aa na tangi la mwezi mmoja, tunaamini kwamba samaki wako wamekufa kwa njaa.

Ili uelewe jambo hili, ni vyema ufahamu safari aliyoipitia oto kabla ya kukufikia. Karibu wote wanaouzwa duniani hawazalishwi mabwawani bali huvuliwa katika mito ya nchi kama vile Brazil, Peru na Kolombia. Huko kwao hushinda kutwa nzima wakikwangua utando mwembamba wa mwani na vijidudu unaoota juu ya majani, mawe na magogo yaliyozama, na utumbo wao mrefu umeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo bila kukoma. Wakishavuliwa, hukaa kwenye madimbwi ya mvuvi, kisha kwa msafirishaji, kisha kwenye mifuko ya plastiki ndani ya ndege, kisha kwa muuzaji wa jumla, na mwishowe dukani. Na karibu kote huko hakuna hata kidogo kile wanachokula. Anapoingia nyumbani kwako, oto huwa ameshinda na njaa kwa siku nyingi. Tangi lenye kioo kinachong'aa linampokea mgeni huyo bila chochote cha kula.

Jambo la pili ni umri wa tangi. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaojijenga kwenye chujio na changarawe huigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, na kisha kuwa naitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 au zaidi kabla ya kutosha, na samaki aliyedhoofishwa na njaa hawezi kustahimili kile ambacho samaki wako wengine wanakistahimili. Pima maji: amonia na naitriti ziwe sufuri, na naitrati isizidi miligramu 20 kwa lita. Ukikuta amonia, badilisha theluthi moja ya maji leo hii, kwa maji yaliyoondolewa klorini, na upime tena kesho.

Kwa wale 2 waliobaki, anza kuwalisha leo usiku kwa namna tutakayoieleza katika jibu linalofuata. Usinunue wengine mpaka tangi litimize angalau miezi 3 na uanze kuona vumbi la rangi ya kahawia kwenye kioo na majani. Watu wengi hulifuta vumbi hilo kwa bidii wakidhani ni uchafu, ilhali ni mwani wa aina ya diatomu, nacho ndicho chakula ambacho oto hukipenda kuliko vyote.

Siku utakaporudi dukani, usichague kwa kuangalia mgongo wala rangi. Subiri samaki ajibandike kwenye kioo, tumbo likikuelekea, kisha utazame kwa makini sehemu iliyo kati ya mdomo na mapezi ya nyuma. Aliyeshiba ana tumbo jeupe lililotuna kidogo; mwenye njaa ana tumbo lililobonyea kwa ndani, na ukimtazama kwa ubavu utaona mstari wa tumbo umepinda kuelekea juu badala ya chini. Muulize pia muuzaji wamekaa dukani muda gani. Waliokwisha kukaa wiki 2 au 3 na bado wana matumbo yaliyotuna wameshapita hatari kubwa zaidi, nasi tunaona ni heri kuwalipia bei ya juu hao kuliko kuwanunua walioshuka kwenye ndege jana.

Oto wangu 6 wamemaliza mwani wote. Niwalishe nini? Nimejaribu kuwapa chakula cha vipande vinavyoelea, lakini hawakigusi. (Msomaji wa Nairobi)

Hawatakigusa, kwa sababu mdomo wao uko chini ya kichwa na umeumbwa kukwangua, si kudaka. Wape mboga. Kata kipande cha zukini au tango chenye unene wa sentimita moja hivi, kichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1 au 2 hadi kilainike bila kuvurugika, kiache kipoe, kisha kizamishe kwa kukichoma na uma wa chuma kisichoshika kutu au kukifunga kwenye jiwe safi. Mchicha nao unafaa, mradi uoshwe vizuri, kwani mboga za sokoni mara nyingi hubaki na dawa za kuulia wadudu. Weka jioni taa inapozimwa na uondoe asubuhi, maana mboga iliyolala majini siku nzima kwenye joto huoza na kuchafua maji.

Usikate tamaa wakikipuuza chakula hicho siku za kwanza. Oto aliyevuliwa mtoni hajawahi kuona zukini maishani mwake, na inaweza kuchukua wiki nzima kabla mmoja wao hajathubutu kuionja. Akishaanza mmoja, wengine humfuata haraka, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kutowafuga chini ya 6. Vidonge vya chakula cha mwani vinavyozama vinafaa pia.

Lakini chakula tunachokipendekeza kwa moyo wote ni kile unachoweza kukiotesha mwenyewe bila gharama. Tafuta mawe laini ya mviringo yanayotosha kiganja, yasugue bila sabuni, yapange kwenye chombo cha kioo, mimina juu yake maji uliyoyatoa kwenye tangi wakati wa kubadilisha, na ukiweke dirishani panapopiga jua. Baada ya wiki 2 hivi mawe yatakuwa na utelezi wa kijani au kahawia unaouhisi kwa kidole. Ingiza jiwe moja tangini jioni, na ukirudi asubuhi utaona limekwanguliwa kwa vijia vyembamba vinavyokatizana, huku samaki wakiwa bado wameliganda. Rudisha jiwe dirishani na uingize jingine.

Naona oto wangu wanapanda juu ghafla, wanagusa uso wa maji na kurudi chini kwa kasi. Je, ni wagonjwa? Tangi liko sebuleni na maji hufika nyuzi 30. (Msomaji wa Mombasa)

Tendo lenyewe si ugonjwa. Kama kambare wetu wa madimbwini anavyoweza kuvuta hewa, oto naye humeza hewa juu ya maji, ingawa kwa njia tofauti: njia yake ya chakula ina sehemu iliyotanuka, na hapo ndipo oksijeni hufyonzwa. Akifanya hivyo mara moja moja, usihangaike. Akifanya mara kwa mara, na hasa wakifanya wote, maji yamepungukiwa na oksijeni au yana sumu.

Katika hali yako, joto ndilo la kushughulikiwa kwanza. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kushika takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 takriban miligramu 7.5, huku mwili wa samaki ukidai oksijeni zaidi kadiri joto linavyopanda. Oto hupendelea nyuzi 22 hadi 26. Ondoa mfuniko na uweke wavu ili samaki wasiruke nje, elekeza feni ndogo kwenye uso wa maji, inua mdomo wa chujio ili maji yavurugike juu, na usogeze tangi mbali na dirisha la magharibi. Kwa kuwa umeme hukatika, tunakushauri uwe na pampu ya hewa ya betri, na pia usijaze samaki wengi, kwani tangi lililosongamana ndilo huangamia kwanza umeme ukipotea usiku wa joto.

Oto wanaweza kuniondolea mwani mweusi unaofanana na ndevu? Na maji yaliyogeuka kijani? (Msomaji wa Arusha)

Hapana, kwa yote mawili. Hula utando laini wa kahawia na wa kijani tu. Mwani wa ndevu, nyuzi ndefu za kijani na ule utando wa bluu na kijani wenye harufu mbaya, ambao kwa hakika ni bakteria, hawaugusi. Na maji ya kijani ni mwani unaoelea ambao hakuna samaki wa kukwangua anayeuweza. Punguza saa za taa hadi 6 au 7 kwa siku, punguza chakula na ongeza mimea. Tahadhari: dawa nyingi za kuua mwani zina shaba, na shaba huwadhuru oto.

Ninafuga samaki wa Ziwa Tanganyika kwa maji ya ziwa lenyewe. Naweza kuwachanganya na oto? (Msomaji wa Kigoma)

Tunakuomba usifanye hivyo. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi ya maji) inakaribia 9, ilhali oto ametoka katika maji laini yenye pH ya takriban 6 hadi 7.5. Zaidi ya hayo, kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia ileile inavyozidi kuwa sumu. Na samaki wako wengi hulinda maeneo yao kwa ukali, hivyo mgeni wa sentimita 4 asiye na silaha hatapata pa kupumzika. Wewe unaishi kando ya ziwa lenye walaji mwani wake mahiri: Tropheus hukwangua mawe kutwa nzima, na wamezoea maji uliyonayo.

Je, hatuna kambare wetu wenyewe wa kula mwani, badala ya kuagiza kutoka Amerika? (Msomaji wa Korogwe)

Tunao. Katika mito ya Afrika Mashariki, ukiwemo Pangani unaopita kwenu, kuna jamaa wadogo wa gogogo wanaoitwa Chiloglanis, ambao midomo yao imekuwa kikombe cha kunyonyea kinachowawezesha kuganda kwenye mawe hata maji yakienda kwa kasi. Hula mwani pamoja na vijidudu vya kwenye mawe. Ugumu ni kwamba wamezoea maji yanayokimbia yenye oksijeni nyingi, na tangi la kawaida lenye maji yaliyotulia huwadhoofisha haraka. Anayetaka kuwafuga anahitaji pampu yenye nguvu, mawe mengi na maji yasiyo na joto kali. Tungefurahi kuona wafugaji wetu wakijifunza kuwatunza vizuri, lakini wa kuanza naye asiwe Chiloglanis.

Nilinunua "msafishaji" wa sentimita 5. Sasa amefika sentimita 30, anang'oa mimea, na tangi halimtoshi. Nimwachilie mtoni? (Msomaji wa Kisumu)

Tunakusihi usimwachilie. Uliyeuziwa si oto bali pleko, kambare wa familia ileile mwenye sahani ngumu mwilini, ambaye aina zinazouzwa sana hufika sentimita 40 au zaidi na kuishi miaka mingi. Mwenye duka alipaswa kukuambia, na inatusikitisha kwamba samaki hawa wanaendelea kuuzwa kwa watu wenye matangi ya lita 60 bila onyo lolote.

Pleko walioachiliwa wamejenga makazi huko Florida, katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico, ambako wavuvi wa perege walijikuta wakivuta nyavu zilizojaa samaki wasiouzika, na katika mto Nseleni nchini Afrika Kusini. Huchimba mashimo kwenye kingo ili kutaga mayai, na kingo hizo hubomoka. Wewe unayeishi Kisumu huhitaji mfano wa mbali: magugumaji nayo asili yake ni Amerika Kusini, yalisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yamekuwa yakiziba fukwe na bandari za Ziwa Victoria.

Mrudishe dukani hata bila kulipwa, au mtafutie mtu mwenye bwawa la saruji lisilounganika na mto wala mfereji. Akikosekana kabisa wa kumpokea, mwombe daktari wa mifugo amsaidie afe bila mateso. Maji ya tangi, changarawe na mimea unayoipunguza navyo visiishie mtaroni: maji yamwagie bustani iliyo mbali na mfereji, na mimea uianike juani mpaka ikauke kabisa kabla ya kuitupa.