Nilikagua Uchi na Matusi, Nikasahau Kukagua Kisasi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mfupi tu, "Mtumishi, hivi kuangalia tamthilia ni dhambi? Maana mi ninayoangalia haina uchi wala matusi." Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, mwisho nikamwambia dada nipe siku chache nitakujibu vizuri. Maana hayo maneno ya haina uchi wala matusi ni maneno yangu kabisa, niliyasema karibu mwaka mzima tena kwa kujiamini, na yalinifikisha mahali ambapo mpaka leo nikikumbuka naumia. Kwa hiyo jibu ni lake ila naliweka hapa kwa sababu najua tuko wengi tunaompenda Mungu kwa dhati na bado jioni mwili ukichoka tunataka kukaa tuangalie kitu.

Mimi nilikuwa na orodha yangu. Tangu niokoke nilikuwa mkaguzi hodari, uchi hapana, matusi hapana, uchawi hapana hata kama dunia nzima inaisifia. Nikiona trela ina kitanda nafunga hapo hapo. Zaburi 101:3 nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika karibu na tivii, "Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu", na watu wakija nyumbani wanaiona, na nakiri nilifurahi wakiiona. Nilikuwa naangalia pia ile alama ya umri inayotokea mwanzoni. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba ule mfumo wa umri wa Marekani, ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu ya filamu zao, ulianza mwaka 1968 na daraja la PG-13, la kumtahadharisha mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 13, likaongezwa 1984, na kazi yake ni kumsaidia mzazi ajue filamu inamfaa mtoto wake au haimfai, basi. Haukutengenezwa kupima moyo wa mtu mzima aliyeokoka. Mimi niliufanya cheti cha utakatifu.

Sasa tamthilia yenyewe. Siitaji jina, na wala haina maana kwa sababu za namna ile ziko nyingi. Ni habari ya mwanamke aliyedhulumiwa na ndugu yake wa damu, akapotea, akarudi baada ya miaka na jina jipya na pesa, akaanza kuwamaliza mmoja mmoja waliomuumiza. Hakuna uchi. Hakuna tusi hata moja. Stelingi mwenyewe anavaa kwa heshima na mara moja moja anaonekana anasali. Nikasema hii hapa ni salama, hii hata na wanangu naweza kuangalia.

Lakini kuna kitu inabidi nikiseme ili muelewe. Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa hatuongei mwaka wa tatu. Baba alipofariki aliacha nyumba, na dada akaiuza bila kuniambia, nikaja kusikia kwa watu baki kabisa kwamba nyumba niliyokulia ina watu wengine ndani. Sikugombana naye hata. Nilinyamaza tu. Kanisani nikaulizwa nikasema nimeshamsamehe, nimemwachia Mungu, na nilikuwa naamini ninachosema, maana sikuwa namtukana wala kumsengenya, nilikuwa tu simpigii simu, ujumbe wake siujibu, na jina lake likitajwa mezani naondoka kwenda kufanya kitu kingine.

Alafu nikawa kila usiku nakaa masaa mawili, matatu, naangalia mwanamke anamfanyia ndugu yake kila kitu ambacho mimi sikuthubutu hata kukiwaza.

Unaona? Hakuna mtu aliyenionya, kwa sababu hiyo dhambi haikuwepo kwenye orodha yangu, na nina uhakika kwenye orodha ya wengi wetu haipo. Tunakagua macho yanaona nini. Hatukagui moyo unashangilia nini.

Usiku mmoja, ilikuwa imeshapita saa nane, ikafika ile sehemu niliyoisubiri wiki nzima, yule ndugu mbaya amefilisika, kapiga magoti kwenye mvua anaomba msamaha, na stelingi anamwangalia tu alafu anapandisha kioo cha gari anaondoka. Nikapiga makofi. Peke yangu sebuleni nimepiga makofi nikasema kwa sauti "Akome! Na bado!" Mume wangu akatoka chumbani akaniuliza, "Unaongea na nani?" Nikamwambia siongei na mtu. Akaniangalia kidogo akarudi kulala, hakusema neno, na siku zile nilimshukuru kwa kutosema, leo natamani angesema.

Siku nne baadaye ikaja meseji ya dada. Kafukuzwa kazi, na ana mtoto anaumwa, anaomba nimuombee tu, hata pesa hakuomba. Wapendwa, ninaandika hili mbele za Mungu. Kabla sijafikiria chochote, kabla sijamaliza hata kusoma, moyo wangu uliruka kwa furaha. Na nikaitambua ile furaha. Ilikuwa ni ile ile ya sebuleni saa nane usiku, haina tofauti hata kidogo, imetoka sehemu ile ile. Na kesho yake asubuhi mimi ndo nilikuwa naongoza maombi ya kina mama.

Sikulala. Nilifungua Biblia tu bila kujua natafuta nini, nikakumbuka Mithali 24:17, "Usifurahi, adui yako aangukapo, wala moyo wako usishangilie ajikwaapo." Huo mstari nilishaufundisha kwa watu. Lakini usiku ule nikaona kwamba nilikuwa nimefanya mazoezi ya kinyume chake kila siku, sehemu zaidi ya mia moja, nalipia na bando juu. Mtu anayefanya mazoezi ya kitu miezi na miezi, siku ya mechi atacheza alichofanyia mazoezi.

Kuna habari moja ya kanisa la zamani ambayo naipenda na inaniogopesha. Augustino, askofu na mwandishi wa kanisa la kale, anasimulia rafiki yake Alipio, kijana aliyekuwa Rumi anasoma sheria, karne ya 4 hiyo, na alikuwa anayachukia kabisa yale mapambano ya watu kuuana uwanjani. Wenzake wakamburuta kwa nguvu. Akawaambia mwili wangu mtaukalisha pale lakini macho na roho yangu hamtavipata, akafumba macho. Ikafika mahali mpiganaji mmoja kaanguka, umati ukapiga kelele, Alipio akashindwa, akafumbua aone kuna nini. Augustino anasema kidonda alichopata rohoni kilizidi cha yule aliyeanguka uwanjani. Hakugeuza tena uso, akashangilia na wenzake, na baadaye akawa yeye ndo anayewavuta wengine waende. Mungu alimtoa huko baadaye, akawa hadi askofu. Ila angalia kilichomwangusha, ni kelele za kushangilia. Macho alikuwa ameshayafumba.

Najua kuna mtu atasema mbona Biblia yenyewe imejaa damu na visasi. Imejaa, ndiyo. Hata mimi nilijitetea hivyo. Kwa hiyo nikarudi kusoma 2 Samweli 13, Absalomu na Amnoni, kwa sababu pale kuna ndugu aliyedhulumiwa kweli, dada yake Tamari kabakwa na Amnoni, ndugu yao wa baba mmoja, na baba yao mfalme Daudi kakasirika lakini hakuna alichomfanya aliyebaka. Absalomu hakusema na Amnoni neno, jema wala baya. Miaka miwili kanyamaza. Hapo nilisimama, kwa sababu hata mimi nilinyamaza nikauita ule ukimya msamaha. Alafu akaandaa sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, akamwalika, akaagiza auawe. Sasa soma uone Biblia inavyomalizia. Hakuna muziki, hakuna kioo cha gari kinachopanda taratibu. Ni wana wa mfalme wanakimbia na nyumbu zao, ni mfalme anararua mavazi, ni watu wanalia, Absalomu anakimbilia ugenini miaka mitatu, na sura chache mbele na yeye kafa na Daudi analia mwanangu Absalomu, mwanangu. Biblia inakuonyesha kisasi lakini haikupi nafasi ya kupiga makofi. Na Daudi huyo huyo kabla ya hapo, alipompata Sauli pangoni na angeweza kummaliza, alikata upindo wa vazi tu na moyo ukamchoma hata kwa hilo. Ndo tofauti. Kinachoangaliwa si damu ipo au haipo, ni hiyo stori inakuacha upande gani.

Asubuhi ile nilienda kwenye maombi na sikuongoza. Niliwaambia kina mama ukweli, nikasema nina dada yangu nimefurahia kuanguka kwake, niombeeni. Kuna waliolia na mimi. Na kuna kiongozi mmoja, Jumapili iliyofuata, akasimama mbele za watu akasema "wengine mnawaona wanaongoza maombi kumbe madhabahu yao ni tivii", hakunitaja lakini kila mtu akageuka. Nimeshamsamehe, ila nasema wazi kwamba liliniuma na bado nikikaa kwenye benchi lile nalikumbuka. Nyie mlio viongozi, mtu akija kuungama msimfanye mfano wa mahubiri. Mtawafanya watu wafiche, na dhambi iliyofichwa inanenepa.

Basi, nifanyeje nifanyeje, mnaniuliza sana hilo. Nilichofanya ni hiki. Ile tamthilia niliiacha siku ile ile, zikiwa zimebaki kama sehemu ishirini hivi, na sikusoma hata mwisho wake mtandaoni. Nilizima ile kitu ya sehemu inayofuata kujianza yenyewe, hili lifanyeni leo hii, ni suala la dakika moja kwenye mipangilio. Wale watu hawajifichi jamani, mwaka 2017 Reed Hastings aliyekuwa anaiongoza Netflix alisema wanashindana na usingizi wetu, mi tamthilia yangu haikuwa huko ila maneno yale yanatuhusu wote. Sehemu ikiisha inakuachia sekunde chache tu, na sekunde chache hazitoshi kumuuliza Roho Mtakatifu kitu. Ukiizima, inabidi unyooshe mkono wewe mwenyewe, na hapo ndo unapata nafasi ya kujiuliza.

Na swali lenyewe nalojiuliza ni moja tu, hapa nimemshangilia nani na kwa nini. Basi. Nikikuta nimefurahi mtu kusamehewa, mtu kurudi nyumbani, ukweli kutoka, naendelea. Nikikuta nimefurahi mtu kudhalilika, nafunga, hata kama ni mbaya kweli, hata kama anastahili. Hasa kama anastahili! Kwa sababu Warumi 12:19 haisemi wasiostahili wasilipwe, inasema kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana. Ni kazi yake. Wewe ukikaa masaa matatu kila usiku unaonja kazi ya Mungu kwa ulimi wako, iko siku utataka kuila.

Wengine mtasema mbona hiyo ni kali sana, ni maigizo tu, vitu vyote ni halali. Ni halali, ndiyo, malizia na mstari wa 1 Wakorintho 10:23 basi, "bali si vitu vyote vijengavyo". Mimi siwaambii mchome tivii. Mwaka huu nimeangalia filamu nzuri tu na nimecheka na watoto wangu na sioni hatia yoyote. Utakatifu si kukaa gizani huku umenuna. Ila acheni kujidanganya kwamba mkishaondoa uchi mmemaliza, maana Wafilipi 4:8 haikuishia kwenye yaliyo safi, imetaja pia ya kweli, ya haki, yenye kupendeza, na hakuna popote ilipotaja utamu wa kumwona mwenzako kapiga magoti kwenye mvua. Kuna watu wanaimba kwaya na wanashinda wanaangalia klipu za watu wanaoaibishwa mitandaoni, mtu kafumaniwa, mtu kaanguka jukwaani, mchungaji fulani kanaswa, wanatumiana, wanacheka. Hakuna uchi humo. Tubuni, nasema kwa upendo, tubuni.

Dada yangu nilimpigia siku ile ile ya maombi, saa sita mchana. Sikujua niseme nini, nikamwambia tu nimepata meseji yako. Tukalia wote wawili muda mrefu bila kuongea. Nyumba ya baba haijarudi na haitarudi, na hilo bado tunalizungumza, kuna siku linazua maneno. Ila mtoto wake alipona, na sasa tunaongea, ni mwezi wa saba huu.

Sasa dada yangu uliyeniandikia, hilo swali lako kama ni dhambi sitalijibu kabla hujanijibu langu. Leo usiku ukikaa kuiangalia hiyo tamthilia, mwangalie yule mtu unayesubiri aanguke, mwangalie vizuri usoni, alafu niandikie uniambie anafanana na nani unayemjua.