Ada ya chama na fulana ya Mei Mosi

Wafanyakazi wengi wa sekta binafsi hapa Tanzania wanakijua chama cha wafanyakazi kwa vitu viwili: makato kwenye hati ya mshahara na fulana ya Mei Mosi. Ndiyo maana swali la "kwani chama kina kazi gani siku hizi?" halikosi kwenye chai ya saa nne. Jibu lake limo kwenye hesabu ya tawi lenu: mko wangapi, na wangapi wamejaza fomu.

Fomu yenyewe ni TUF 6, ya kumruhusu mwajiri akate ada ya chama kwenye mshahara. Usipoisaini, mwajiri hana ruhusa ya kukukata ada ya uanachama. Ukiisaini, anatakiwa akate na kuipeleka chamani ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Matawi mengi hujikwaa hapa hapa: fomu zinaachwa mezani kwa ofisa utumishi, zinapotea, kisha mwajiri anasema hana mwanachama hata mmoja. Zipelekeni na barua yenye orodha ya majina, nakala mbili, moja irudi na mhuri wa kupokelewa na tarehe.

Chama kikishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika, kinaweza kudai kutambuliwa kuwa msemaji wao pekee kwenye majadiliano. Kikitoa taarifa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Akipiga danadana, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Shabaha ni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri: nauli, posho ya usiku, gharama za mazishi, nyongeza ya mwaka. Usomeni neno kwa neno kabla ya kusaini. Palipoandikwa "mwajiri atajitahidi kutoa usafiri", usafiri hamjapata. Andikeni gari linaondoka saa ngapi, linapita vituo gani, na lisipokuja kila mtu analipwa nauli kiasi gani.

Ajira za mawakala, yaani kampuni zinazoajiri watu na kuwapeleka kufanya kazi kwa wengine, ndizo zinazovuruga hesabu hii. Tuseme kiwandani mko 300, na 180 kati yenu mikataba yao imesainiwa na wakala. Mwajiri wa hao 180 ni wakala. Fomu zao ziende kwake, na wingi wao uhesabiwe huko. Mkiwachanganya kwenye orodha ya kiwanda, menejimenti itaipinga, na hapo itakuwa na hoja. Kwa wenye mikataba mifupi, hesabuni upya kila mikataba inapoisha.

Thamani ya chama huonekana zaidi siku mtu anapoitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kanuni za ajira za 2007 zinampa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Saa hizo zitumike kuomba tuhuma kwa maandishi, majina ya mashahidi na nakala ya daftari la mahudhurio kama kosa ni utoro. Mwakilishi aangalie pia kama anayeongoza kikao ndiye huyo huyo aliyeleta tuhuma; kama ndiye, pingamizi liingie kwenye muhtasari. Na jamani, msisaini barua ya "kuacha kazi kwa hiari" mliyochapiwa na ofisi. Ukishaisaini, kazi ya kuthibitisha kwamba ulifukuzwa inakuwa yako.

Baada ya kuachishwa kazi una siku 30 kufungua shauri CMA kwa fomu Na. 1; kwa migogoro mingine, kama malimbikizo ya mishahara, ni siku 60. Mjadala kwenye grupu la WhatsApp hausimamishi siku hizo, wala kauli ya katibu wa tawi kwamba "tunalishughulikia". Ukichelewa, unaanza na ombi la kuongezewa muda, lenye sababu za kueleweka.

Kujitoa kunaruhusiwa: taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama. Ila chama kilichotambuliwa kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala, yaani malipo kwa chama kwa kuwa kinawasemea nao kwenye majadiliano. Kwa hiyo kama tawi limelala, kabla ya kuandika barua angalia katiba ya chama uchaguzi wa tawi ni lini. Penye makubaliano hayo, aliyejitoa huendelea kukatwa, ila kura hana.