Jibu: Kitabu cha darasa la tano kwa kompyuta moja

Mwalimu, umeuliza kama watoto 40 wanaweza kutoa vitabu kwa kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Inawezekana, mradi kompyuta ije mwisho.

Anza na vikundi vya watoto wanne. Kila kikundi kikunje karatasi mbili za A4 katikati: kurasa nane. Toa jalada la mbele na la nyuma, zinabaki sita. Sentensi mbili kwa ukurasa, basi. Wakiachiwa, ukurasa wa kwanza unameza hadithi nzima na mchoro unakosa nafasi.

Michoro ndiyo huharibu vitabu vingi. Penseli hufifia kwenye picha ya simu, kwa hiyo wapitishe kalamu nyeusi juu yake. Piga karibu na dirisha bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, la sivyo mchoro unapinda. Katuni za mtandaoni wasiziguse.

Kisha pakua Bloom, programu ya bure ya kutengeneza vitabu, ya shirika la lugha la SIL, kwa Windows. Ukishaisakinisha, unaandika bila intaneti, nayo hupanga kurasa za kijitabu yenyewe. Ukichapa pande mbili, chagua kugeuza kwa upande mfupi. Ukikosea, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini.

Kupakia vitabu kwenye African Storybook au StoryWeaver, tovuti za vitabu vya bure vya watoto, kusubiri ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Leseni ya CC BY inayotumika huko, inayomruhusu yeyote kunakili mradi amtaje mwandishi, haifutiki: aliyekwisha kunakili atabaki na haki. Mimi ningeweka majina ya kwanza tu, bila picha za watoto.